Kumbukumbu Isiyosikia Nasaha

Mwaka 1911 Édouard Claparède, daktari na mwanasaikolojia wa Geneva, alichapisha habari za mwanamke aliyepoteza uwezo wa kuweka jambo jipya akilini kwa sababu ya maradhi yaitwayo Korsakoff. Mwanamke huyo alionana na daktari wake mara kwa mara, na kila mara alimpokea kama mgeni. Siku moja Claparède alificha pini katikati ya vidole vyake, akamsalimia kwa mkono, na pini ikamchoma mgonjwa. Muda si mrefu kisa kile kilikuwa kimemtoka kabisa. Hata hivyo, daktari aliponyosha mkono tena, mwanamke aliurudisha wake nyuma. Alipobanwa aeleze kwa nini, hakuwa na sababu ya kutoa ila kwamba huenda watu huficha pini mikononi.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini aliyeumwa na nyoka humkumbuka nyoka. Mwanamke wa Geneva alishtuka bila kumkumbuka. Alifanya uamuzi, tena wa busara, kwa kumbukumbu ambayo yeye mwenyewe hakuwa na habari nayo.

Kisa hicho ni kidogo, na jaribio la mgonjwa mmoja halithibitishi mengi. Lakini utafiti wa miaka mia moja na ushei uliofuata umekuwa ukizunguka pale pale. Ubongo una njia zaidi ya moja ya kujifunza. Kila njia huhifadhi mambo kwa namna yake, na saa ya kuchagua inapofika kila moja huja na jibu lake. Naona sehemu kubwa ya lawama tunazotupiana majumbani, shuleni na hospitalini, zile za "nilikuambia mimi" na "sikio la kufa halisikii dawa", zinatokana na kutolielewa hili. Nasaha hufundisha kumbukumbu moja, ilhali mwenendo mara nyingi hutoka kwenye nyingine.

Ushahidi mzito ulianza kupatikana Hartford, katika jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1953 daktari mpasuaji William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa, akamwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili za ubongo pamoja na maeneo ya jirani. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza kushika tukio jipya. Angezungumza na mtu, mtu akatoka nje kidogo, na akirudi wakaanza kujuana upya. Brenda Milner, mwanasaikolojia aliyesafiri kutoka Montreal kumpima, alimpa kazi ya kufuatisha umbo la nyota kwa penseli huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kwa siku tatu mkono ulizidi kuwa stadi, na kila siku Molaison alisema hajawahi kuiona kazi ile. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82, na hadi leo hakuna mgonjwa aliyetufundisha kuhusu kumbukumbu zaidi yake.

Ustadi wa mkono, hata hivyo, si uamuzi. Aliyetaka kusema kwamba kumbukumbu iliyojificha huamua mambo alipaswa kuonyesha mtu akichagua. Mwaka 1996 Barbara Knowlton, Jennifer Mangels na Larry Squire walibuni mchezo wa kubashiri hali ya hewa. Mshiriki huonyeshwa kadi zenye maumbo, akatakiwa aseme litawaka jua au itanyesha mvua, kisha huambiwa kama amepata au amekosa. Uhusiano wa kadi na hali ya hewa ni wa bahati nasibu kwa kiasi fulani, kwa hiyo kukariri jibu la jana hakusaidii sana. Mtu huboreka polepole, pasipo kujua hasa anaborekaje.

Wagonjwa wa kusahau, wenye madhara yanayofanana na ya Molaison, waliboreka katika majaribio 50 ya mwanzo sawa na watu wazima wa afya. Baadaye walipoulizwa kuhusu kadi na jinsi kipindi kilivyokwenda, majibu yao yalikuwa mabovu. Wagonjwa wa Parkinson walikuwa kinyume chao: walieleza vizuri walichofanya na walichoonyeshwa, lakini ubashiri wao katika majaribio hayo haukuboreka. Kundi moja liliamua vizuri bila kukumbuka, na jingine lilikumbuka bila kuamua vizuri. Parkinson huua seli zinazopeleka kemikali iitwayo dopamini kwenye straiatamu, eneo lililo ndani kabisa ya ubongo, mbali na hipokampasi. Matokeo ya namna hii, ambapo jeraha la hapa huondoa uwezo mmoja na jeraha la pale huondoa mwingine, ndiyo yanayowapa watafiti ujasiri wa kusema mifumo ni miwili, wala si mmoja uliodhoofika.

Mwaka huo huo Mark Packard na James McGaugh walichapisha jaribio la panya ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zuri kuliko yote katika uwanja huu. Panya alianzia upande mmoja wa njia zenye umbo la msalaba na kujifunza kukata kona kuelekea kwenye chakula. Swali lilikuwa: amejifunza nini hasa? Amejua mahali chakula kilipo, au amezoea kukata kona ya upande fulani? Ili kujua, walimwanzishia upande wa pili. Anayejua mahali ataelekea pale pale penye chakula. Aliyezoea kona atakata kona ile ile, na itampeleka upande usio na kitu.

Siku ya 8 panya wengi walikwenda mahali. Siku ya 16, baada ya mazoezi zaidi, wengi walikata kona. Kisha watafiti walitia ganzi sehemu za ubongo kwa muda. Hipokampasi ilipotiwa ganzi siku ya 8, panya walipoteza mwelekeo wao wa kutafuta mahali. Sehemu ya straiatamu ilipotiwa ganzi siku ya 16, ile siku ya mazoea, panya waliacha kona na kurudi kutafuta mahali. Ujuzi wa mahali haukuwa umefutika. Ulikuwepo wakati wote, ila ulinyamazishwa na mazoea yaliyowahi kushika usukani. Nikisikia mtu akisema "najua kabisa ninachopaswa kufanya, lakini najikuta nafanya lile lile", huwakumbuka panya hao wa siku ya 16. Simwoni kama mwongo.

Mazoea hujengwaje? Hapa inaingia dopamini, ambayo redioni na mitandaoni imebandikwa jina la kemikali ya raha. Jina hilo linapotosha. Wolfram Schultz, akifanya kazi Fribourg nchini Uswisi, alisikiliza seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa tone la maji ya matunda. Mwanzoni seli ziliripuka juisi ilipofika. Nyani alipojifunza kwamba ishara fulani hutangulia juisi, seli ziliripuka kwenye ishara, na juisi yenyewe ilipofika zilikaa kimya, ingawa utamu ulikuwa ule ule. Juisi iliponyimwa, zilishuka chini ya kawaida yake wakati ule ule ambao juisi ilitarajiwa. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza kwamba mwenendo huo unalingana na hesabu ambayo Richard Sutton na Andrew Barto waliiendeleza ili mashine zijifunze zenyewe: kinachopimwa ni pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Pengo likiwa la faida, tendo lililotangulia huongezewa nguvu. Likiwa la hasara, hupunguzwa. Pasipo pengo, hakuna somo.

Mfumo huu wa mazoea ni wa kasi na hauchoshi, ndiyo maana dereva mzoefu anaweza kuongea na abiria huku akibadilisha gia. Udhaifu wake ni kwamba huhifadhi uzito wa tendo bila kuhifadhi sababu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Christopher Adams na Anthony Dickinson, huko Cambridge, walifundisha panya kubonyeza wenzo wapate chakula, kisha wakakifanya chakula hicho kiwachefue kwa kukiambatanisha na dawa inayoleta kichefuchefu. Waliofundishwa kiasi walipunguza kubonyeza. Waliofundishwa kupita kiasi waliendelea kuutafuta mlo ambao hawakuutaka tena. Binadamu nao wamo. Mwaka 2011 David Neal, Wendy Wood na wenzao waliwapa watazamaji wa sinema bisi zilizochakaa, za siku 7. Waliozoea kula bisi sinemani walikula nyingi karibu sawa na waliopewa mpya. Watu wa namna hiyo hiyo walipowekwa kwenye chumba cha mikutano, au walipotakiwa kula kwa mkono wasiouzoea, ulimi ulianza kufanya kazi na bisi mbovu zikaachwa. Naomba msomaji alishike hili la mkono na chumba, kwa sababu nitalihitaji.

Mfumo wa pili, ule wa hipokampasi, tumezoea kuuona kama ghala la yaliyopita. Kwa habari ya uamuzi, kazi yake kubwa iko mbele. Edward Tolman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika mwaka 1948 kwamba panya huchora kichwani kitu kama ramani. Yeye na wenzake walikuwa wameona panya akifika njia panda husimama na kutazama huku na huku. Mwaka 2007 Adam Johnson na David Redish wa Minnesota walirekodi hipokampasi ya panya aliyesimama hivyo, na wakakuta seli zikiripuka kana kwamba panya anatembea njia ya kwanza, kisha ya pili, hali mwili haujasogea. Mwaka huo huo, London, Demis Hassabis, Eleanor Maguire na wenzao waliwaomba watu wenye madhara ya hipokampasi wajione wamelala ufukweni penye mchanga mweupe. Wengi walitoa vipande visivyoungana: rangi ya anga, sauti ya maji, basi. Asiyeweza kuikusanya jana hawezi kuijenga kesho, na asiyeweza kuijenga kesho anakosa cha kupima anapochagua.

Kuna njia ya tatu ambayo ndiyo hasa iliyomwokoa mwanamke wa Geneva, ile ya hofu, yenye makao katika sehemu ya ubongo iitwayo amigdala. Mwaka 1995 Antoine Bechara na wenzake huko Iowa walichunguza wagonjwa watatu kwa kuwaonyesha rangi, mojawapo ikifuatwa na mlio wa honi wa kushtua. Aliyeharibika amigdala aliweza kutaja rangi iliyoleta honi, lakini mwili wake haukustuka rangi hiyo ilipojitokeza. Aliyeharibika hipokampasi alistuka, lakini hakuweza kusema ni rangi gani. Aliyeharibika zote mbili hakuwa na hili wala lile. Kujua hatari na kuihofu ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa na moja bila jingine. Afisa afya anayewahesabia watu takwimu za vifo, kisha akashangaa kwamba hawaogopi, ameongea na mgonjwa wa kwanza akitarajia majibu ya wa pili.

Hata pale tunapotumia kumbukumbu tunayoijua, haitupi hesabu kamili. Daniel Kahneman na wenzake mwaka 1993 waliwatia watu mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine waliwatia kwa sekunde 60 zile zile, kisha wakawaongezea 30 ambamo maji yalipandishwa taratibu hadi nyuzi 15, bado yakiwa ya kuuma. Walipoulizwa ni jaribio gani wangerudia, asilimia 69 walichagua refu, lile lenye maumivu mengi zaidi. Kumbukumbu ilikuwa imeshika kilele na mwisho, ikaupuuza urefu.

Jambo jingine ni wingi wa tuliyoyaonja. Ralph Hertwig, Greg Barron, Elke Weber na Ido Erev walionyesha mwaka 2004 kwamba mtu akisimuliwa uwezekano wa jambo adimu, hulipa uzito mkubwa mno. Akilijifunza kwa kuonja mwenyewe mara kwa mara, hulipa uzito mdogo mno, kwa sababu katika mara chache alizojaribu huenda halikumtokea kamwe. Mfikirie dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam na muuguzi wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Dereva ameendesha safari maelfu bila kofia ngumu na amefika salama zote. Muuguzi anapokea kila zamu waliovunjika. Wote wawili wanaongozwa na waliyoyaona kwa macho yao, na wote hawajadanganywa. Dereva ana ushahidi mwingi kuliko tunavyomfikiria. Tatizo ni kwamba ushahidi wake umekatwa mahali pabaya: wale ambao wangempa upande wa pili wa hesabu hawapo tena kijiweni kumsimulia.

Ni wakati gani mfumo mmoja humshinda mwenzake? Nathaniel Daw, Yael Niv na Peter Dayan walipendekeza mwaka 2005 kwamba ubongo huupa nafasi mfumo wenye uhakika zaidi kwa wakati huo: mambo yakiwa mapya, unaopanga, yakiwa yamerudiwa mno, wa mazoea. Dhana hiyo inavutia, lakini maisha yana shinikizo jingine. Lars Schwabe na Oliver Wolf, Ujerumani, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu waliotiwa msongo wa mawazo kabla ya kujifunza waliendelea kuchagua chakula walichokwisha kukinai, wakati waliotulia walibadilika. Aliyelala njaa, anayedaiwa kodi na ambaye mtoto wake anaumwa, anaamua akiwa katika hali ambayo mfumo wa kupanga umeshasukumwa pembeni. Kumwambia atafakari ni kumwomba kile ambacho hali yake imemnyang'anya.

Lazima niseme pia kwamba picha hii haijatulia. Mwaka 2018 Sanne de Wit na wenzake walichapisha majaribio matano ya kuwajengea watu mazoea maabara kwa kurudia tendo mara nyingi, na yote matano hayakuleta mazoea waliyoyatafuta. Mchezo maarufu wa karata wa Iowa, uliodaiwa kuonyesha kwamba mwili huijua karata mbaya kabla ya akili, ulipingwa mwaka 2004 na Tiago Maia na James McClelland. Hao waliwauliza wachezaji kwa uangalifu zaidi, wakakuta wanajua mapema kuliko ilivyodhaniwa. Halafu mifumo hii hufanya kazi kwa kuingiliana. Anayesema "straiatamu yangu ndiyo iliyoamua" anajidanganya kama anayesema "shetani alinipitia". Ninachokitetea ni kidogo kuliko hapo, na ushahidi wake ni imara: kujifunza kwa maneno na kujifunza kwa kurudia si kitu kimoja, na kimoja hakifuti kingine.

Hili linaonekana wazi kwenye kubeti, janga ambalo limeingia simuni mwa vijana wetu kutoka Nairobi hadi Mbeya. Kijana ameweka mkeka wa timu kumi, tisa zimeshinda, moja ikauchana mkeka dakika za nyongeza. Kwa hesabu amepoteza, sawa na aliyekosa zote. Luke Clark na wenzake wa Cambridge walionyesha mwaka 2009, kwa mashine ya kamari ya majaribio, kwamba kukosa kidogo hakufurahishi, lakini huongeza hamu ya kucheza tena, na huamsha maeneo ya straiatamu yanayoamka mtu anaposhinda. Ubongo unahesabu karibu-kushinda kama somo la ushindi. Upo na ushahidi wa kusikitisha kutoka upande wa tiba: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wameandika habari za wagonjwa wa Parkinson waliokuwa hawajawahi kucheza kamari, wakaanza kuicheza kwa uraibu baada ya kupewa dawa zinazoiga dopamini, na wengi wao wakaacha kamari dawa hizo zilipopunguzwa. Sidhani kuna anayeweza kuzisoma habari hizo kisha akaendelea kusema kwamba uraibu ni ukosefu wa malezi.

Sasa tazama tunavyojikinga. Chini ya tangazo huwekwa maneno madogo kwamba mchezo si wa walio chini ya miaka 18 na kwamba mchezaji acheze kistaarabu. Maneno hayo yanaelekezwa kwa mfumo unaosoma, unaokumbuka na unaopanga. Raundi za sekunde chache, sauti, rangi na timu iliyokosa kwa goli moja zinaufundisha ule mwingine, mamia ya mara kwa wiki. Mizani haiwezi kulingana. Wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wakitaka kinga ya kweli, waguse kile kinachofundisha: raundi zicheleweshwe, na pesa iliyowekwa saa sita usiku isitumike hadi asubuhi, ili mfumo wa polepole upate nafasi ya kufika. Kwa anayemsaidia ndugu yake, yale ya mkono na chumba cha bisi ndiyo ya kuanza nayo. Simu ibadilishwe, laini ya malipo ifungwe kwa muda, jioni ya mechi itumike mahali pengine na watu wengine, na maongezi yafuate baada ya hapo.

Na ajiandae kwa kurudi nyuma. Ivan Pavlov aliona zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba mbwa aliyeachishwa kudondosha mate kwa ishara huanza tena mwenyewe baada ya kupumzika. Watafiti waliomfuata walikuta kwamba kuachishwa hakufuti somo la zamani. Huweka jingine juu yake, na la zamani huamka mtu akirudi kwenye mazingira yake. Kijana akirudia kubeti mara moja baada ya miezi sita, siku alipopita kijiwe chake cha zamani, haina maana kwamba alidanganya alipoapa mbele ya mama yake.